Mbuzi Ambaye Hukumwiba

Korogwe, Jumapili, mvua imekatika asubuhi

Baba,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuniitikia marahaba, lakini ulinifundisha kwamba mtoto haingii kwa baba yake na maneno kabla ya salamu, na leo nimekuja na maneno mengi.

Jana gari la sinema la serikali lilifika mjini. Walitundika shuka jeupe uwanjani, tukakaa chini mji mzima, na kwa mara ya kwanza hawakutuonyesha namna ya kuchimba choo. Ilikuwa hadithi ya mpiga kodiani na jamaa zake. Anagombana na wanawe, mkewe anaugua, mwishoni wanapatana kwenye harusi na yeye anawapigia muziki. Watu walilia. Mimi nilikuwa natazama bega lake tu. Nyimbo nne nzima, baba, halijaruka hata mara moja! Nikamnong'oneza Hassani mume wangu kwamba huyu si mpiga kodiani, huyu ni nguzo ya simu. Akacheka mpaka mama yake akatugeukia kwa jicho kali. Ndipo mtu mmoja wa nyuma, bila shaka wa kambi yetu ya mkonge, akapaza sauti: "Mleteni Bwana Mshtuko!" Uwanja ukaangua kicheko, na mimi niliyekuwa nacheka nikajikuta nafuta macho kwa upindo wa kanga. Miezi mitano imepita tangu tukuzike, na bado wanakuita.

Kwa hiyo leo nimemwomba Hassani karatasi za kazini kwake reli, nimekaa uani, nakuandikia. Ulinipeleka shule ya misheni ndugu zako wakikucheka kwamba unamsomesha mke wa mtu. Basi huyo mke wa mtu anakuandikia.

Unakumbuka nyapara alivyokutoa kwenye kukata mkonge? Panga na bega lisilosikia la mwenyewe havikai pamoja. Siku liliporuka, panga likapita karibu na sikio la mwenzako Maganga, nyapara alisema basi, akakupeleka kuanika katani kwenye nyaya. Wewe ulisema hiyo ndiyo bahati ya maisha yako, maana kule kwenye nyaya ndiko ulikomkuta yule Mgiriki fundi wa mashine aliyekuwa akipiga kodiani saa ya chakula. Alipofunga safari ya kurudi kwao, kodiani alikuachia wewe. Wenzako waliachiwa viatu.

Hukuweza kupiga kama yeye. Wimbo unakwenda vizuri, halafu bega la kulia linaruka, mvukuto unabanwa ghafla, kodiani inapiga ukelele mahali pasipo na ukelele, na juu yake koo lako linatoa "Hep!" Mtu mwingine angekiweka chombo chini kwa aibu. Wewe uliendelea, na vijana wa kambini, manamba kutoka Unyamwezi na Ubena na wetu wa Uzigua, wakaanza kuruka kila ukelele ulipotoka. Utamu wake ni kwamba hakuna aliyejua utatoka lini, hata wewe mwenyewe. Aliyechelewa kuruka alitolewa uwanjani. Wakaiita ngoma hiyo Shtuka, ikatoka kambini kwetu ikaenda kambi za wenzetu. Siku moja tukipita Mombo tuliwakuta watoto wanaicheza njiani, wanarusha bega na kulia "Hep!", hawana habari kwamba wanaiga ugonjwa wa mtu, na mtu mwenyewe anapita na kikapu cha ndizi. Nilitaka kuwafukuza. Ukanishika mkono ukasema, "Waache. Wao angalau wanaweza kuacha."

Mimi nilianza nikiwa na miaka tisa. Bega lile lile la kulia, na kooni sauti ndogo ya kuku anayetafuta pa kutaga. Ulikuwa unakunywa uji. Uliweka bakuli chini ukanitazama, na kwa muda ule wote hukutikisika hata kidogo, jambo ambalo sikuwahi kuliona tena. Mama alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo siri ikawa ya watu wawili. Hukunipeleka kwa mganga, hukuniambia niache kana kwamba ningeweza kuacha. Ulinionyesha kinu. "Ukisikia inakuja, nenda katwange. Mtu anayetwanga, bega huruka na koo huguna, ndivyo kazi ilivyo."

Basi nikatwanga. Nilitwanga asubuhi, nikatwanga mchana, nikatwanga mahindi ya majirani yaliyokuwa hayana haraka. Nyumba yetu ndiyo pekee kambini iliyokuwa na unga wa kugawa. Wanawake wakasema binti wa Mzee Mhando ni mchapakazi, atakayemwoa hatalala njaa. Kila Jumapili mchana ulikuwa ukifunga mlango ukanifundisha kodiani, na humo ndani tuliruka wote wawili, mara wewe, mara mimi, mpaka tunacheka na wimbo unapotea. Sijui kama nimewahi kuwa na raha kama ile.

Halafu ikaja posa ya Hassani.

Nilikuwa chumba cha pili nimeuma kanga, maana hakukuwa na nafasi ya kwenda kinuni. Nilimsikia mshenga akisema yake, nikamsikia Bi Hadija, mama yake Hassani, ambaye alitoka Mombo mwenyewe ili aone kwa macho. Walikula, wakanawa, na wewe ukashtuka mbele yao mara tatu au nne. Ndipo Bi Hadija akauliza, kwa adabu zake zote: "Mzee Mhando, utusamehe, lakini tunamtafutia mtoto mke wa kumzalia. Hicho ulicho nacho ni cha ukoo?"

Nilisubiri. Nilijua kwamba ukisema kweli, wataaga na kuondoka, na Hassani nilikuwa nampenda, baba, nilikuwa nampenda tangu siku aliponibebea mzigo kutoka stesheni bila kuuliza jina langu. Na nilijua wewe husemi uongo.

Ulisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Cha ukoo wapi? Hiki ni changu peke yangu. Nikiwa kijana kwetu Handeni nilimwiba mbuzi wa jirani yetu Semboja, nikala kiapo kwamba sikumwiba. Kiapo kikanishika bega. Wazee walishanitakasia uzao, kinaishia kwangu."

Nikaolewa.

Maneno yako yalifika Handeni kabla wali wa harusi haujapoa. Kambini wakaanza kukutania, kisha utani ukaisha ikabaki imani. Ulipopita sokoni mtu alivuta kamba ya mbuzi wake karibu, wengine kwa mzaha, wengine kweli. Hukuitwa tena kushuhudia ndoa, maana nani ataandika shahidi aliyekiri kula kiapo cha uongo? Uliporudi kwenu kupumzika uzee, ndugu zako walikupokea kwa kuwa damu ni damu, lakini baba mdogo Salimu alikaa mwaka mzima haitikii salamu yako. Miaka kumi na mbili ulibeba hilo. Nami nilinyamaza, nikizaa, nikipika, nikitwanga. Hili ndilo nilitaka kuliandika tangu mstari wa kwanza na mkono ukawa unazunguka kwenye sinema na Wagiriki. Nilinyamaza, baba. Nilikuja mara moja kukuomba uniruhusu niseme, ukanijibu kwamba wewe umeshazoea kutazamwa. Na mimi, ukweli ni ukweli, nilirudi Korogwe nimefarijika.

Sasa sikiliza yaliyotokea kwenye arobaini yako kule Handeni.

Khitma ilisomwa vizuri. Watu walikula wakashiba, sheikh akaomba dua ya mwisho na kutafuta viatu vyake, maana alishaona Maganga amefika na alijua kinachofuata. Unamjua Maganga. Siku ya mazishi alikuwa kwao Tabora, kwa hiyo alikuja na deni lote la utani, na wewe mwenyewe ulizoea kusema msiba wa Mzigua usio na Mnyamwezi wa kuuvuruga haujakamilika. Mtani hana adabu msibani na hakuna anayetaka awe nayo. Aliingia uani kwa magoti na mikono, kamba ya katani shingoni, analia "Mee! Mee!" Akawatangazia mbuzi wote wa Handeni kwamba wafungue milango walale kwa amani, mwizi wao amezikwa. Watu walikuwa hoi. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuiga bega barabara.

Kisha akaingia ndani akatoka na kodiani yako. Akakaa nayo katikati ya mkeka akasema haondoki, halali, na msafara wa Korogwe hautapita mlangoni, mpaka mtu wa damu yako apige Shtuka. Wote wakanigeukia mimi.

Nilipiga vizuri, baba. Nilibana bega, nikabana koo, nikapiga ule wimbo wako wa kuanikia katani, safi kama maji ya mtungi. Maganga alisikiliza, kichwa upande, halafu akakitikisa. "Huyu siye. Hii ni santuri. Shtuka ya marehemu ililetwa na mbuzi. Leteni mbuzi, binti amwibe, ndipo tutamsikia baba yake!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Maganga hana kosa. Alifanya kazi ya mtani, na neno alilolitania ulilitoa kinywani mwako. Lakini nilimwona baba mdogo Salimu kwenye kizingiti ameinamisha kichwa, machozi yanadondokea kanzu yake mpya, na nikajua kwamba nikipanda lori siku hiyo bila kusema, utabaki mwizi Handeni mpaka kwa vitukuu. Upande wa pili wa mkeka alikaa Hassani. Karibu naye alikaa Bi Hadija na bakuli lake la halua. Nikawatazama wote wawili, nikasema moyoni kwaherini.

Nikaachia.

Miaka yote ile ilitoka pamoja. Bega liliruka, kodiani ikapiga ukelele, koo likatoa sauti yake ya kuku, tena, na tena, na vidole vikaendelea na wimbo kama ulivyonifundisha, visimame kwa nini? Kicheko kilikatika. Niliona mikono imebaki hewani na halua. Nilipomaliza nikasema: "Mimi sijamwiba mbuzi wa mtu. Na baba yangu hakumwiba."

Ndipo kutoka kwa wanawake wazee, bibi mjane wa Semboja, ambaye mimi nilidhani amelala, akauliza kwa hasira, "Mbuzi gani huyo mnayemsema kila siku? Mume wangu tangu anioe hakufuga mbuzi. Mbuzi akimkaribia alikuwa anapiga chafya!"

Miaka kumi na mbili, baba. Watu wazima, wenye ndevu na vilemba, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwuliza mwenye mbuzi.

Maganga alivua kofia. Mtani haombi msamaha, ingekuwa kuvunja utani, kwa hiyo alifikiri kidogo akasema, "Basi alikuwa mwongo, si mwizi. Tumezika mtu mwingine kabisa. Piga, binti, tumzike upya." Nikapiga. Wakacheza Shtuka uani kwako, wazee na watoto, na mchana ule sikujua ukelele utatoka lini kama wewe ulivyokuwa hujui. Baba mdogo Salimu alichelewa kuruka mara ya kwanza tu, wakamtoa. Alikwenda kukaa karibu na mlango akilia na kucheka, akimwambia kila anayepita kwamba kaka yake hakuwahi kuiba.

Kwenye lori Hassani hakusema neno mpaka tulipovuka mto Pangani. Nilikuwa nimeshapanga akilini vyombo vipi ni vyangu. Kisha akasema, akiangalia barabara, "Mwaka wetu wa pili nilitoka zamu mapema, nikakukuta uani unatwanga. Nilichungulia kinuni. Kilikuwa kitupu."

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akasema aliogopa kwamba nikijua anajua, nitatafuta mahali pengine pa kujificha, na pale kinuni angalau alikuwa anajua nilipo. Huyo ndiye mkwe uliyemwuzia mbuzi wako wa uongo. Nilimpiga ngumi ya bega, tena si kwa ugonjwa.

Bi Hadija ni habari nyingine. Alikaa wiki tatu anazungumza na mimi kupitia watoto: mwambieni mama yenu chumvi imezidi. Siku ya kwanza aliyonisemesha aliniita mwongo, binti wa mwongo, na nikamwitikia "Abee mama," kwa sababu ni kweli. Sijui kama amenisamehe. Lakini wiki iliyopita tulikuwa sokoni, muuza nyanya mmoja akaniiga bega mbele ya wateja, na Bi Hadija akamfuata na mwavuli wake mpaka kwenye magari. Aliporudi alikuwa anahema. Hakunitazama. Alisema nyanya za yule zilikuwa mbovu hata hivyo.

Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nadhani ni kifo cha mgonjwa mwenyewe. Kumbe kifo chako ndicho kilichoniumbua mimi, na nimeona kuumbuliwa si kubaya kama nilivyoogopa. Watu wanatazama siku mbili, ya tatu wana shughuli zao. Nyumbani unga umepungua. Bega langu limezidi kuruka tangu niliache huru, nalala nimechoka, siku nyingine shingo inauma hadi nashindwa kusuka nywele za watoto. Sikudanganyi kwamba ni sherehe. Lakini nalala usingizi mzima.

Na habari za Handeni: baba mdogo anasema msikitini wamemwambia wanajuta kwamba hawakukuita kwenye ndoa zao. Alitaka nijibu nini? Nimemwandikia kwamba wasijute sana, wapeleke mbuzi mmoja kwa bibi mjane, halafu wajifungie ndani wasikie chafya za mzimu wa mumewe. Najua ungelicheka hapo.

Sasa la mwisho, na ndilo zito. Zuhura wangu ana miaka kumi. Tangu mwezi uliopita anapepesa macho. Kwanza nilidhani ni vumbi la njia ya mkonge. Juzi alikuwa anamenya viazi na bega la kulia likaruka, kidogo tu, akanitazama kama mtu aliyevunja sahani. Nilikuwa na bakuli mkononi, nikaliweka chini. Nikamkalisha, nikamweleza habari zako zote, Mgiriki, Mombo, mbuzi, arobaini. Akauliza kama inauma. Nikamwambia siku nyingine ndiyo. Akauliza kama itaisha. Nikamwambia sijui, ya babu haikuisha. Akamenya viazi viwili, kisha akauliza kama kodiani atarithi yeye au kaka yake.

Sikulia mbele yake. Nimelia hapa, karatasi imelowa kidogo kwenye kona, usijali.

Lala salama, baba. Sina hasira nawe kwa ule uongo. Ulinipa Hassani, ulinipa hawa watoto, nami nimeishi miaka mizuri juu ya jina lako. Lakini mara moja inatosha. Nakuahidi: siku watakapokuja watu kumtaka Zuhura, sitamficha chumba cha pili. Nitawapokea mimi mwenyewe, na bega langu, na nitawaambia habari zetu zote kabla hawajauliza. Wakitaka kubaki, karibu. Wakiondoka, waende kwa amani, na wali utakaobaki tutaula wenyewe.

Mwanao,
Mwanaidi binti Mhando